Nimeanza insulini wiki 3 zilizopita, sasa naogopa sindano na naogopa mashine

Shikamoo Sista. Asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Tanga mjini, nina banda la chakula karibu na stendi. Sukari niligunduliwa mwaka 2016, nilipokwenda hospitali kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Tangu hapo nimekuwa mtu wa vidonge: metformin asubuhi na jioni, glibenclamide asubuhi. Miaka ya mwanzo nilikuwa sawa. Huu ni mwaka wa tatu sukari haishuki, nguo zinanipwaya, usiku naamka kwenda chooni mara nne, mara tano. Mwezi uliopita wakanipima kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 3, ikaja asilimia 11.2. Daktari akasema, mama, vidonge peke yake havitoshi tena, tuanze insulini.

Nikapewa insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 inayofanana na maziwa yaliyotiwa maji. Yuniti 16 asubuhi, yuniti 8 jioni. Siku hiyo kliniki ilijaa watu hadi barazani. Muuguzi akanionyesha mara moja tu, akasema "asubuhi na jioni kabla ya kula", akamwita anayefuata. Vidonge vyangu sikuambiwa lolote, hivyo vyote naendelea navyo.

Naamka saa kumi alfajiri nikakanda unga. Saa kumi na moja na nusu najichoma nyumbani kabisa, maana bandani hakuna pa kujificha. Huwa nachoma upande wa kulia wa tumbo, pale pale, nimepazoea na hapaumi. Wateja wa chai wananiwahi saa kumi na mbili, na mpaka wapungue ni saa nne, ndipo na mimi natia kitu mdomoni. Cha mchana nakula saa tisa, sahani zikishaoshwa. Wiki ya kwanza tu nikaanza kusikia mikono inatetemeka kwenye saa mbili hivi, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Nikajua ni moshi wa kuni.

Wiki ya pili ndiyo yalinikuta. Nilikuwa namenya maembe ya juisi, nikasema ngoja nijipime. Nikafuta kidole kwenye kanga, nikatoboa, mashine ikasoma 19.4. Sista, miguu iliisha nguvu. Jioni nikajiongezea yuniti 6 juu ya zile 8, na chakula nikakiacha, nikiogopa sukari isizidi kupanda. Usiku sikumbuki kitu. Binti yangu wa miaka 16 anasema alisikia nakoroma vibaya, akanikuta nimelowa jasho, ananiita siitiki. Akakoroga maji ya sukari akanimiminia mdomoni. Nilipaliwa, nikakohoa sana, ndipo nikazinduka. Mtoto alilia mpaka kukapambazuka.

Baada ya hapo niliacha sindano siku 3. Kiu ikarudi, mkojo ukarudi, mashine ikasoma 22. Nikarudi kwenye dozi yangu. Nachoma, lakini kila nikishika lile bomba moyo unaingia baridi.

Na kuna mengine. Nilipima kwenye duka la dawa wakaniambia 212, nikapima kwangu saa ile ile ikasoma 11.8. Nani mwongo? Stripi, vile vijiti vya kupimia vinavyoingia kwenye mashine, ni ghali. Mwanangu mkubwa amenitumia kichupa cha stripi 50 na amesema kingine ni baada ya miezi 2. Majirani nao wakisikia nina mashine wanakuja niwapime. Nawapima, kisindano cha kutobolea nakifuta kwa spiriti. Friji sina, insulini naiweka kwa jirani. Mama mkwe kila akiniona anatikisa kichwa, anasema hakumwona mtu aliyeanza sindano akakaa, shemeji yake alikwenda hivyo hivyo. Na Ramadhani inakuja, sijawahi kula mchana wa Ramadhani tangu nivunje ungo, ukiacha siku zetu za wanawake na nilipokuwa mjamzito.

Sista, niendelee na sindano hii? Na hizi namba nizielewe vipi?

Mama wa Banda, Tanga

* * *

Marahaba, mdogo wangu. Waaleikum salaam.

Endelea na sindano. Nimeanza na hilo ili usisome barua hii yote ukiwa na roho juu. Ila kuna jambo moja linalotakiwa kufanyika kesho, usingoje tarehe yako ya kliniki.

Ni ile glibenclamide. Kidonge hiki kinalibana kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na nguvu yake hukaa mwilini karibu siku nzima. Sasa wewe juu yake umeongeza insulini ya sindano. Ni watu wawili wanasukuma mkokoteni mmoja kwenye mteremko. Metformin kwa kawaida inaendelea pamoja na insulini ikiwa figo ni nzima, lakini glibenclamide mara nyingi daktari huiondoa mtu anapoanza insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku. Sikwambii uitupe leo usiku kwa kauli yangu, kwa sababu sijaona faili lako. Nakwambia kesho utie vidonge vyako vyote kwenye mfuko, na kichupa cha insulini na bomba unalotumia, uende kliniki useme maneno haya: "Wiki iliyopita nilipoteza fahamu usiku kwa sukari kushuka. Hivi vyote nameza. Kipi niendelee nacho?" Mtu aliyezimika kwa sukari hapangiwi foleni ya mwezi ujao. Wakikwambia urudi tarehe yako, kaa hapo hapo uombe kumwona daktari wa zamu.

Sasa tuje kwenye ile mitetemo ya saa mbili, kwa sababu hapo ndipo kiini cha barua yako kilipo. Ule haukuwa moshi.

Insulini yako ina mbili ndani ya kichupa kimoja. Sehemu 30 kati ya 100 ni ya haraka, inaanza kazi kama nusu saa baada ya kuchoma, na imewekwa kwa ajili ya kifungua kinywa. Sehemu 70 ni ya polepole, inapanda taratibu na kushika nguvu saa kadhaa baadaye, hiyo ni ya kukubeba mchana. "Kabla ya kula" aliyokwambia muuguzi ilikuwa na maana ya nusu saa kabla ya kula. Wewe ulisikia asubuhi na jioni, kama vidonge, na sikulaumu, kwa maelezo ya dakika mbili mtu yeyote angesikia hivyo. Unachoma saa kumi na moja na nusu, unakula saa nne. Kwa muda wa saa nne na nusu dawa inatafuta chakula tumboni, haikuti kitu, inakula akiba iliyomo kwenye damu. Saa mbili mikono inatetemeka. Halafu ile ya polepole inapofika kwenye nguvu zake mchana, wewe bado unaosha sahani, chakula ni saa tisa.

Kwa hiyo kabla hatujagusa dozi, tugeuze ratiba ya banda. Mteja wa kwanza uwe wewe. Beba insulini yako, uwashe jiko, uchome pale chai inapokaribia kuchemka, na sahani yako ipakuliwe kabla ya sahani ya mtu mwingine yeyote: chapati moja na maharage, au kipande cha muhogo na yai, chai isiyo na sukari. Isizidi nusu saa baada ya kuchoma uwe umekaa unakula, hata kama kuna dereva anagonga meza. Ikiwa saa kumi na mbili haiwezekani kabisa, basi sindano ndiyo isogee ifuate chakula, mtafute na muuguzi saa inayokufaa. Cha mchana usivuke saa saba. Kama wateja wamekubana, kula nusu ya chakula chako saa sita na nusu, nusu nyingine baadaye. Jioni ni hivyo hivyo, chakula kiwe kimeiva au kimebakiza kidogo ndipo uchome. Na usichome ukiwa umeamua kutokula. Siku ile ulifanya mambo mawili kwa pamoja, uliongeza dawa na ukaondoa chakula, na usingizi ukakuchukua kabla dalili hazijakuamsha.

Faragha naielewa. Kipande cha pazia nyuma ya banda kinatosha, tendo lenyewe halizidi dakika moja.

Tuzungumzie ile 19.4, maana ndiyo iliyokuponza. Inawezekana sana haikuwa sukari ya damu yako. Ilikuwa sukari ya embe. Mashine inasoma tone dogo mno la damu, na kidole kilichotoka kumenya embe kina utomvu wa sukari unaochanganyika na lile tone. Mtu mwenye 7 anaweza kusoma 15 au zaidi kwa njia hiyo. Kufuta kwa kanga hakuondoi, na hata pamba yenye spiriti haiaminiki kwa sukari ya tunda. Osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, ikauke vizuri, kwa sababu maji nayo yanalizimua tone. Ukiwa mahali pasipo maji, toboa, futa tone la kwanza kwa karatasi safi, upime tone la pili. Kwa mtu ambaye siku nzima mikono yake imo kwenye unga, maembe na sukari, hii ni nusu ya kipimo. Toboa ubavuni mwa kidole, kwenye ncha katikati panauma na ndipo unaposhikia kisu. Usikikamue kama limau. Uning'inize mkono kidogo, damu itashuka yenyewe.

Namba ikikushangaza, nawa upime tena kabla hujafanya lolote. Stripi moja ni ghali, lakini usiku kama ule ni ghali zaidi. Na nakuomba kitu kimoja ambacho nimewaomba wagonjwa wangu miaka yote: usibadilishe dozi kwa namba moja. Namba moja inaweza kuwa embe, inaweza kuwa soda uliyoonja, inaweza kuwa hasira. Namba tatu za saa ile ile, siku tatu tofauti, zikiwa zote juu au zote chini, hizo zina habari ya kumpelekea daktari. Hata mashine nzuri iliyotimiza viwango vya kimataifa inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 15, maana yake 10 yako inaweza kuwa 8.5 au 11.5. Usikose usingizi kwa sababu jana ilikuwa 9.8 na leo 10.6.

Na duka la dawa hawakudanganya, wala mashine yako. Ni vipimo viwili vya kitu kimoja, kama kilo na ratili. Mashine yao inasoma miligramu, yako inasoma milimoli. Gawa namba yao kwa 18: 212 ukigawa kwa 18 unapata 11.8. Zilikubaliana kabisa, ungejua ungefurahi.

Sasa stripi 50 kwa miezi 2. Ningependa uwe na zaidi, na ukipata zaidi tutapima zaidi, lakini tupange kwa zilizopo. Watu wengi wenye stripi chache huzimaliza kwa kupima pale wanapojisikia vibaya, au kila asubuhi peke yake, mwisho wa mwezi wana namba 30 zinazojibu swali lile lile. Kwa insulini kama yako, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaisema dozi ya jioni iliyopita. Kipimo cha jioni kabla ya kula kinaisema dozi ya asubuhi. Ndiyo maana vinakwenda jozi.

Wiki ya kwanza, baada ya kubadilisha ratiba na baada ya daktari kuamua kuhusu vidonge, pima kila siku mara mbili, asubuhi na jioni kabla ya kuchoma. Hizo ni stripi 14. Wiki 7 zinazofuata, kila wiki chagua siku moja upime jozi, asubuhi na jioni, na stripi moja uitumie kwa saa inayokutia wasiwasi: kabla ya kulala, au saa mbili baada ya wali, au saa tisa usiku ikiwa unaamka na jasho na ndoto mbaya. Hizo ni 21. Zinabaki 15, na hizo 15 usiziguse kwa kudadisi. Ni za siku unatetemeka, siku una homa au unatapika, na siku namba imekataa kuaminika. Kichupa kifunge kila ukitoa stripi, unyevu wa pwani yetu unaziharibu, na usizihamishie kwenye bahasha.

Wengi hulenga kabla ya kula sukari iwe kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula isivuke 10. Wewe daktari atakupa zako, na kwa yaliyokupata usishangae akitaka kwanza ukae juu kidogo ya hapo kwa wiki kadhaa. Asubuhi ikiwa juu wakati ulilala vizuri, usijilaumu kwa chakula cha jana. Alfajiri mwili wenyewe humwaga sukari kwenye damu ili kukuamsha, na kipimo kimoja cha saa tisa usiku husaidia kujua kama ulikuwa juu usiku kucha au ulipandia huko alfajiri.

Chini ya 4 ni kushuka, ujisikie vibaya au usijisikie. Hapo una bahati, umezungukwa na dawa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri robo saa, pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa, chapati au ugali, la sivyo itashuka tena. Ukitetemeka na stripi huna, usitafute, kunywa kwanza. Andazi au chokoleti si vya kuanzia, mafuta yake yanachelewesha sukari. Vijiko vitatu vya sukari vifungwe kwenye karatasi, vikae kwenye pochi yako na kando ya mto wako.

Binti yako nimpe mkono kutoka hapa. Alikuona, hakukimbia, alijaribu. Lakini afundishwe leo hii: mtu asiyeitika hawekewi kitu mdomoni, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Amlaze ubavu, aite watu, hospitali mbio, na akifika aseme neno la kwanza kabisa "anatumia insulini". Mwenye kuitika na kumeza ndiye anayepewa maji ya sukari. Mwambie pia yaliyotokea hayakuwa kosa lake, mtoto wa miaka 16 aliyeona mama yake hivyo atalala macho wazi muda mrefu.

Hapo tumbo la kulia unapochoma kila siku kwa sababu hapaumi, papapase leo ukiwa umelala. Huenda ukakuta pamekuwa kama mto mdogo. Ni mafuta yaliyovimba kwa kuchomwa sehemu moja, na insulini ikiingia humo hufyonzwa inavyotaka, leo kidogo, kesho nyingi. Acha kabisa pale kwa miezi kadhaa. Zunguka: kushoto mwa tumbo, juu na chini, mbali na kitovu vidole viwili, kisha mapaja upande wa nje. Ila muuguzi ajue kuwa umehama, kwa sababu kwenye ngozi nzima dozi ile ile inaweza kuwa na nguvu zaidi. Kichupa ukiviringishe polepole kati ya viganja mara 10 hivi mpaka kiwe cheupe sawasawa, usikitikise. Na angalia bomba. Kwenye bomba la mililita 1 kila mstari mdogo mara nyingi ni yuniti 2, kwenye la nusu mililita ni yuniti 1. Anayehesabu mistari badala ya namba, siku duka la dawa likimpa bomba tofauti anachoma maradufu bila kujua. Maandishi ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, lazima yawe juu ya bomba na juu ya kichupa.

Kuhusu majirani sitakuwa na maneno matamu. Acha, kuanzia leo. Kile kisindano hata ukikifuta spiriti hakisafiki, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa vikiwa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Ni damu yao kwako na damu yako kwao, na damu ya jirani wa jana kwa jirani wa leo. Waelekeze zahanati. Wewe na binti yako pia msichangie. Nenda kliniki hiyo hiyo kesho ukaombe upimwe homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na wale uliowapima uwaambie nao wapime. Najua ni neno gumu kumwambia mtu aliyekuja kwako kwa upendo. Waambie hata hivyo. Sindano zako zilizotumika zitie kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa robo tatu lirudishe kituo cha afya, lisiende jalalani wanakochezea watoto.

Friji ya jirani inafaa kwa kichupa ambacho hakijafunguliwa, kikae ndani ya friji sehemu ya chini au kwenye rafu ya katikati, kamwe kisiguse barafu. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Kile unachotumia kaa nacho nyumbani. Chukua mtungi mkubwa, weka ndani yake mtungi mdogo, katikati jaza mchanga, uloweshe asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la insulini kwenye nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, kunakochoma kuliko Tanga, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Basi andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Kina yuniti 1,000, wewe kwa yuniti 24 kwa siku utatumia 672 ndani ya siku 28. Theluthi itabaki na itakuuma kuitupa. Muulize mfamasia wa kliniki kuhusu kichupa chako kabla hujavuka hapo. Banda nalo, si mahali pa kuiacha karibu na jiko. Ifunge kwenye kitambaa chenye maji, kwenye kapu la mbali.

Mama mkwe wako mheshimu, alichokiona alikiona kweli. Siku nyingi watu wetu walifikishwa kwenye sindano figo zikiwa zimekwisha, mguu umeoza, na waliofariki wakahesabiwa kuwa wamekufa kwa sindano. Mtoto wa kwanza kuchomwa insulini kama dawa, Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14 na siku zake zilikuwa za kuhesabu pale Toronto, Kanada, Januari 1922. Aliishi miaka 13 zaidi, na dawa ya wakati ule ilikuwa chafu kuliko tuliyonayo. Wewe ulipoacha siku 3 uliona mwenyewe kiu na 22. Usiache tena ghafla, hata ukiumwa na huli vizuri. Siku hiyo pima mara nyingi, kunywa maji, na ukitapika huku sukari imepita 15, nenda hospitali siku ile ile.

Ramadhani. Mtu aliyepoteza fahamu kwa sukari kushuka ndani ya miezi 3 iliyopita, miongozo ya kitabibu inamweka kwenye kundi la hatari kubwa, na ushauri wangu ni kwamba mwaka huu usifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo kwenye Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na sheikh wako atakueleza kuhusu kulipa au fidia. Naelewa linavyokuchoma, kuona futari ya wenzio. Wenye ugonjwa huu ambao madaktari wao wamewaruhusu kufunga hupima mchana wakiwa na saumu, na kutoboa kidole kwa kupima hakuifungui. Wakisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 wanafungua hapo hapo, hata kama magharibi imebakiza dakika 10. Mwakani, namba zako zikitulia, uliza tena mapema, miezi miwili kabla.

Tafuta daftari dogo la kukaa kwenye kapu la banda. Tarehe, saa, namba, yuniti ulizochoma, ulichokula na saa uliyokula, na neno moja tu la kitu kisicho cha kawaida: homa, msiba, embe. Zile namba 14 za wiki ya kwanza zikitimia, mpelekee daktari, na nakala niandikie na mimi.